Geti la Mtaa Wetu

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Blessing,

Marahaba, mwanangu. Sie huku wazima, ila mjomba wako Edgar goti bado linamsumbua. Ile malaria imeisha? Na baridi ya Mbeya mwezi huu, sweta unavaa?

Umeniandikia kwamba falsafa ya siasa inakupa taabu, hasa hapo penye kuuliza mamlaka halali hutoka wapi. Mie nimefundisha uraia miaka kumi na tisa, nikadhani jibu ninalo. Ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Mwezi wa tatu wezi walituzidi. Wenye nyumba tukakaa kikao, tukapiga kura tuweke geti barabarani, wachuuzi wasipite. Mie ndiye niliyesimama kueleza kwamba wengi wakikubali, jambo limekuwa halali. Nikapigiwa makofi.

Wiki ya pili nikamkuta Yustina, mama anayetuletea samaki kutoka Kunduchi, amesimama juani nje ya geti, beseni kichwani, samaki wameanza kulegea. Akanisalimia vizuri tu, kisha akauliza, "Mwalimu, mlipopiga kura, sie tunaopita hapa mlituhesabu wapi?"

Ridhaa ya wanaotawaliwa nimeitungia maswali ya mtihani mara ngapi, Blessing? Na aliyebanwa na uamuzi wetu hata hatukumwita.

Nikaomba kikao kingine, nikaenda naye. Mwenyekiti, mzee Romani, akasema asiyekaa mtaani haongei. Nikamjibu, "Basi nafasi yangu ya kuongea nampa yeye."

Usimwone mzee Romani mbaya. Mkewe alivamiwa ndani kwao, mpaka leo mlango ukigongwa anashtuka. Naye anadai haki yake ya kuishi salama. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa somo lako: uhuru wa Yustina na usalama wa mama yule, vyote ni vya kweli.

Tulibishana sana. Mwishowe geti likabaki, ila mchana linakuwa wazi. Majirani wawili hawanisalimii tena.

Juzi nilimwomba Yustina msamaha. Akacheka, akasema, "Nilishasamehe, mwalimu. Ila siku nyingine mtuulize kwanza."

Msalimie mama yako Auleria, na Benson. Mungu akulinde na akufungue akili.

Shangazi yako anayekupenda sana,
Tupokigwe