Baba Alivyoonja Mabalungi

Ruolan, baba hasikii ladha. Baba yangu, mkulima wa mabalungi!

Leo nilimpa aonje mawili bila kumwambia lipi ni lipi: la shambani kwake na la maabara yetu, lile tulilolizimia kimeng'enya kinachobandika sukari kwenye flavonoidi, kemikali za asili za tunda, na kulifanya liwe chungu.

Akanitania, "Wee daktari wa mabalungi, sukari nayo ilete uchungu?"

Akatafuna kipande. Halafu akanitazama usoni, Ruolan. Usoni mwangu! "Hili ndilo lako. Tamu kweli."

Lilikuwa lake, tena na utando wake mweupe. Uchungu mtupu.

Mama akaninong'oneza jikoni, "Tangu alipotibiwa koo kwa mionzi. Wanunuzi wanategemea ulimi wake, mwanangu. Wasijue."

Nikarudi, nikamwambia amepatia. Akafurahi, akalila lote.