Shingo Asiguse

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba tena baada ya uji. Leo nimesoma jinsi matabibu wa uti wa mgongo wanavyosukuma pingili kwa mikono. Baadhi ya watu hupata nafuu ya mgongo. Wengine wanadai hata ubongo huanza kuusoma mwili upya. Ushahidi bado mchache. Mwalimu wa baiolojia ameuliza mbona nimechagua mradi huu, tena peke yangu. Nikasema napenda mifupa tu. Sababu ni Mama. Anabeba beseni za dagaa wa omena kichwani kule kisiwani Remba, na sasa mkono wake wa kushoto unakufa ganzi.

Jumatano, 5 Machi
Matron wa bweni ameniletea salamu za Mama. Jumamosi Mama anavuka ziwa, aende Rangwe kwa shangazi yake Baba, tunayemwita Mama Pacha. Huyo atamkanyaga Mama mgongo, kisha amzungushe shingo. Kwetu aliyezaa mapacha ana mguu wa kuponya. Alinikanyaga nikiwa darasa la sita, nikapona. Au nilipumzika tu. Sijui.

Ijumaa, 7 Machi
Shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa wa damu uendao kwenye ubongo unaweza kuchanika. Ni nadra. Lakini mkono wenye ganzi unafaa uonwe na daktari kwanza. Naogopa.

Mezani wenzangu walinitania: "Daktari wa Mgongo, ninyooshe basi!" Nikacheka nao. Hakuna aliyeuliza ni mgongo wa nani.

Jioni Matron alinipa simu.
"Mama, akukanyage polepole. Lakini shingo asiguse."
"Nitamkatazaje, nyathina, mwanangu? Yule ni mkubwa wangu."
"Sema ni mimi nimekataza."
"Wewe? Haki, utaniletea maneno."
Kisha akasema, "Nimesikia." Kusikia si kukubali.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefua sare. Nimeifua tena. Hakuna habari.

Jumapili, 9 Machi
Mama alipiga baada ya misa. Shingo haikuguswa. Mama Pacha alikasirika: "Siku hizi tunatibiwa na watoto?" Hakumpa hata chai. Mgongo umelegea kidogo, ganzi iko palepale. Kesho anaenda hospitali, Homa Bay.

Niliomba ruhusa nimsindikize. Nimenyimwa, kuna mtihani. Bwenini wanasukana nywele na kuimba. Kesho Mama atakaa kwenye foleni peke yake, nami nitakuwa darasani. Nimeanua sare, nikaikunja.