Mstari wa Tisa

Kamembe, Rusizi
14 Oktoba 2023

Mpendwa Kaka Adrien,

Pokea salamu zetu kwanza. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Lubumbashi? Sisi ni wazima. Maman bado anavuka daraja na nyanya zake kila asubuhi, goti lake likimkubalia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wangu wa simu unausoma na kunyamaza. Bashige wa duka la vitenge anakuja huko. Nimemwomba asiondoke kabla hujaifungua barua hii.

Ni habari ya tovuti ya ushirika wa akina mama wanaovuka mpaka, ile uliyotutengenezea kabla ya kuondoka. Ulipoondoa humo anwani yako ya barua pepe mwezi wa sita, mahali pake niliweka ya ushirika. Nilisahau kwamba barua pepe ya ushirika inafunguka katika simu kumi na nne za akina mama. Nao wanajua jambo moja tu: tovuti ikituma kitu, saa za mpaka zimebadilika. Hawasomi. Simu ikilia, wanageuka.

Unajua tovuti hujisasisha yenyewe, na ikimaliza hutuma taarifa ya Kiingereza kwamba yote yamekwenda salama. Jumanne ya wiki jana ilituma moja alfajiri, akina mama wakiwa wamekaribia daraja la Rusizi ya Kwanza. Wakarudi wote, na mpaka ulikuwa wazi.

Maman Véronique, rais wa ushirika, alinifuata nyumbani, beseni kichwani. "Gaju, mutoto wa shule, hii Kizungu yako inasema nini?"

Nikamsomea: inasema hakuna tatizo.

"Sasa unarudisha batu kumi na ine juu ya kusema hakuna tatizo?"

Wenzake walicheka. Maman wetu hakucheka. Nyanya zake zilikuwa zimeshalainika.

Siku mbili nilitafuta katika mipangilio mahali pa kuzima taarifa hizo, sikupaona. Ikabidi niandike msimbo mwenyewe, mistari tisa. Sasisho likifaulu, tovuti inyamaze. Likishindwa, imwandikie mtu mmoja. Mstari wa tisa ndio unaotaja huyo mtu, nami niliweka anwani yangu. Tangu hapo ni kimya, na Jumapili walinishukuru kanisani.

Shukrani hizo zimenibana, Kaka. Nimepokelewa kwa watawa, kule Huye. Naingia tarehe mosi Novemba, na simu inakabidhiwa siku ya kwanza. Maman Véronique aliposikia, alisema mbele ya wote kwamba Gaju haendi popote, tovuti inamjua yeye tu. Alisema kwa upendo, akinishika bega. Aliyeandika jina la Gaju mle ndani ni mimi mwenyewe.

Watu wananiambia naenda kujifungia. Hawaulizi nimefungiwa wapi sasa. Kila ndege ikipaa hapa Kamembe, vikombe vya Maman vinatetemeka kabatini, nami nadhani ni simu, naifungua kutazama kama kuna kilichoharibika.

Josiane, binti wa Maman Véronique, nimemfundisha kuandika saa za mpaka. Anaweza vizuri. "Lakini siku tovuti ikivunjika," aliniambia, "miye nitalia tu."

Kwa hiyo nimebadilisha mstari wa tisa. Sasa una anwani yako. Jumatatu tarehe 23, saa nne asubuhi, nitakutumia taarifa ya kushindwa, ya majaribio. Usitengeneze chochote. Nijibu tu kwamba umepata. Usipojibu, nitarudisha anwani yangu na kuwaandikia masista kwamba siji.

Nisalimie shemeji Mukeshimana na watoto, na Papa Ladislas ukimpata kwa simu. Mungu awalinde mlangoni na njiani.

Begi langu liko tayari. Maman amelificha nyuma ya pazia mara mbili, na mara mbili nimelirudisha. Leo nimelikuta nyuma ya pazia tena, ila limeongezwa sweta.

Nduguyo anayekupenda na kukungoja,
Gaju