Kipande cha Mama Kinakuja Kwako

Matondoni, Lamu.
12 Februari, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Fahima,

Assalam alaikum warahmatullah. Hujambo huko Nairobi? Baridi haijakurudishia kikohozi? Sisi tunamshukuru Mungu, ila uvimbe wa shingoni wa mama, shangazi yako, bado upo.

Barua yako kuhusu maabara unayojifunzia nimemsomea hadi naijua kwa moyo. Sasa wanawake wote wa mtaa wanajua kwamba mwili una tishu za namna nne: za kufunika, za kuunganisha, za misuli na za neva. Mama huwaonyesha mkeka anaousuka: jani moja la muyaa ni seli, ukili mzima uliosukwa ni tishu. Mfano huo ni wangu, lakini yeye anasema ni wako.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa kwetu wewe hupo, na kila kitu ni chako.

Daktari alipotaka kukata kipande cha uvimbe kikachunguzwe, mama alikataa. Unajua kwetu hata kucha tunazifukia, seuze nyama ya mtu ipelekwe ugenini. Nilimbembeleza hadi nikachoka. Ukapiga simu wewe, ukamweleza kwamba kitalowekwa dawa kisioze, kitiwe katika nta, kikatwe vipande vyembamba kuliko unywele, kipakwe rangi ya waridi na zambarau, kisha kitazamwe kwa hadubini. Alikubali hata hujamaliza. "Fahima ana mato ya ilimu," akasema. Na macho yangu je, ni ya pambo? Nilikwenda jikoni nikalia.

Basi kimekatwa. Kichupa kilimotiwa atakuletea mume wangu, Kamaludin, anayepanda ndege kesho pale Manda. Mama amekizungushia asumini, usicheke. Anaomba kitakachobaki kizikwe. Nimemwahidi kwa niaba yako, kwa hiyo usinitie aibu.

Mjomba Bwanamkuu, baba yako, anakusalimu, na mama yako Ummu pia. Salamu za mama ni ndefu kuliko barua hii, nami sikuziandika zote.

Nakuonea wivu, Fahima. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemsuka nywele, ninayejua alalie ubavu gani ili shingo isimuume. Lakini wewe ndiwe utakayemwona ndani, mahali ambapo mimi mwanawe sitapaona kamwe.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwalimu wenu akishatoa majibu, yakiwa mazuri mpigie mama mwenyewe, akusifu mpaka Ramadhani iingie. Nitavumilia. Yakiwa mabaya, usimwambie neno. Nipigie mimi. Hayo atayasikia kwangu, nikiwa nimemshika mkono.

Mwenyezi Mungu aliongoze jicho lako.

Nduguyo mwenye kijicho, akupendaye hata hivyo,
Mwanamkisi