Kabla Mabeseni Hayajarudi

Kaka Saidi,

Shikamoo. Uitikie usiitikie, mimi nimeamkia. Lawama nyingine sitaki, ninazo za kutosha.

Naandika nikiwa kwenye gari, hapa Chang'ombe, hatua chache kutoka geti lako. Mimi na kalamu unatujua. Darasa la saba nilimaliza kwa kuangalizia, na yule niliyemwangalizia naye akafeli. Lakini nchi sita nimelala, Kifaransa cha mpakani nakimwaga, na Kizota nzima hakuna dereva anayepiga rivasi semi kama mimi. Ukiacha wewe. Na wewe haupo.

Lori lako limerudi barabarani. Mafundi wameziba matundu ya risasi, wakapiga rangi ya bluu, huwezi kujua kitu. Tajiri kampa dereva mwingine, naye kaning'iniza maua ya plastiki kwenye kioo. Maua, Kaka! Gari ambalo hukutaka hata kibandiko! Tajiri mwenyewe alikuja Chemba kwenye mazishi yako, akakaa nusu saa na miwani yake nyeusi, akasema ni mipango ya Mungu. Nikaitikia kwa kichwa. Risasi wapige watu, kukuita nikuite mimi, halafu Mungu ndiye abebe lawama.

Vita vya Kongo viliposogea karibu na mpaka, madereva wote walihamia kwenye redio. Wewe uliwaangalia akina mama wa nyanya, wale wanaovuka asubuhi na mabeseni kichwani kwenda soko la ng'ambo. Unakaa kwenye benchi la muuza chai pembeni ya geti la mpaka, unasubiri. "Kwenda siyo habari, Profesa. Kurudi ndiyo habari." Wakirudi na mabeseni matupu, wanapiga soga, tunavusha mafuta yetu ya alizeti. Wakirudi na nyanya zao, tunageuza. Na sharti lako la pili: anayetangulia asipige simu ya kumwita wa nyuma mpaka apaki kwenye yadi ya kwanza ya ng'ambo, azime injini, ashuke.

Siku ile walikwenda, saa nne ikafika hawajarudi. Wewe uko kwenye glasi ya pili. Mimi nimesimama mikono kiunoni.

"Kaka, tutaota mizizi hapa. Wale askari wote wananijua."

"Wanakujua kwa kelele," ukasema, ukacheka mpaka chai ikamwagika.

Nikawasha gari, nikapita geti, nikakata kona. Hata kilomita moja sijafika nikakupigia. "Nimeshapaki! Huku shwari kama sebuleni kwako. Maliza chai uje, mzee."

Sikuwa nimepaki. Ukuta wa yadi sikuwa nimeuona. Nilitaka tu usikie kwamba leo nimefika kabla yako.

Na wewe ambaye redio huiamini, askari humwamini, mimi ukaniamini. Muuza chai aliniambia glasi uliiacha nusu.

Milio ya risasi niliisikia nyuma yangu. Nikakanyaga mafuta, Kaka. Kwenda mbele.

Hilo nilitaka ulijue kutoka kwangu. La pili ni baya zaidi, maana la kwanza nilifanya kwa ujinga, hili nimelifanya nikiwa na akili zangu. Mama Mwanaidi aliniuliza palepale Chemba, udongo haujakauka, mumewe kilimpata nini. Nikasema, "Alichoka kusubiri, shemeji." Ikanitoka kirahisi kama salamu.

Tangu hapo amekukasirikia. Kila nikipita kumjulia hali ananiuliza upya: "Mtu aliyenisubiri miaka minne mpaka baba akubali, shemeji, ashindwe kusubiri akina mama wa nyanya?" Na mimi nakunywa chai yake. Kofia yako ya kufuma, ile ya Ijumaa, ameitoa msumarini akaifungia sandukuni. Anasema akiiona anapandwa na hasira.

Wiki iliyopita tulikuwa mpakani tena, malori sita. Nikakaa kwenye benchi lako. Wenzangu walinisema! "Profesa siku hizi mwali, anaogopa geti!" Nikawaambia wafunge midomo yao. Karibu na adhuhuri akina mama wakatokea mbio, nyanya zinadondoka barabarani, mmoja kapoteza kiatu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tuligeuza malori sita pale penye upana wa kugeuzia moja, na tumerudi wote, mpaka na yule wa maua ya plastiki.

Kizota wakachinja mbuzi. "Profesa ana akili!" Unanijua, nikasimama, nikaanza kuwaeleza jinsi nilivyoigundua hiyo mbinu ya mabeseni. Katikati ya maneno nikaketi. Akili ni yako, Kaka. Nimeivaa mimi, na ujinga wangu nimekuvika wewe, mkeo anauona juu yako kila siku.

Nikaacha nyama, nikaja hapa.

Sasa hivi mkeo ametoka kumwaga maji, ameliona gari. "Shemeji, mbona umekaa huko kama mgeni? Chai tayari!" Hajui. Huenda ndiyo mara ya mwisho ananiita shemeji, na mimi Dodoma hii sina nyumba nyingine ninayoingia bila hodi. Akinimwagia hiyo chai usoni, nastahili. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mtu anayejua mumewe alikuwa nani.

Pumzika, Kaka Saidi. Nimezima injini, nashuka. Glasi yake sitaigusa mpaka kofia yako irudi msumarini.

Utingo wako wa zamani,
Profesa