Hujashindwa Kemia, Umesahau Kugawa kwa Mbili

Mjukuu wangu Tausi,

Acha upuuzi! Umefeli jaribio moja la maabara, tayari unampigia mama yako simu kwamba unaacha sayansi, unahamia mchepuo wa sanaa. Ng'ombe huhama wakikosa majani. Wewe umekosa nini huko?

Mimi sijasahau. Likizo ile ulinikuta hapa Kawajense nachuja majivu ya maganda ya maharage kupata magadi, naonja kwa ncha ya ulimi nijue makali yake. Ukapiga kelele, "Bibi, maabara hakuna kuonja!" Nikakujibu, "Mke mwenzangu, mlenda wa babu yako unaonjwa hivi tangu mama yako hajazaliwa." Tulicheka, lakini ukabeba chupa moja, na mwalimu wako akakuruhusu kuipima.

Uliporudi ukanieleza, ukiandika kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko. Magadi yangu, vipimo ishirini na tano. Tindikali ukaidondosha tone kwa tone mpaka rangi ikageuka, ukasoma ishirini. Nguvu ya tindikali mnaijua, ni 0.1. Ya magadi ndiyo mnaitafuta. Nikauliza, "Kwa hiyo unazidisha na kugawa, basi?" Ukasema, "Bado, Bibi. Magadi moja humalizwa na tindikali mbili, lazima ugawe kwa mbili." Ikatoka 0.04. Nikaelewa, mimi niliyeishia kisomo cha watu wazima! Wiki nzima niliwatangazia majirani mpaka wakawa wakiniona wanapita njia nyingine.

Sasa karatasi uliyomtumia mama yako kwenye simu nimeiona. Magadi tena. Wewe umeandika 0.12, mwalimu kaandika 0.06 kwa wino mwekundu. Sita mara mbili ni ngapi? Hata muuza nyanya anaona! Mkono wako ulipima sawasawa, rangi uliikamata vizuri. Haraka tu ndiyo imekuponza.

Kwetu wanawake wote tumepima magadi kwa ulimi. Wewe ndiye wa kwanza kuyapima kwa hesabu, na najivunia hilo hata nikikugombeza.

Jumatatu usiende kuhama. Nenda kwa mwalimu wako wa kemia, umwombe maswali mengine kumi ya namna hiyo, uyafanye mbele yake. Kila swali, kabla hujazidisha chochote, andika kwanza nani anammaliza nani, na kwa wangapi. Ukimaliza nipigie mimi, siyo mama yako.

Bibi yako, mke mwenzio