Utitiri Wasio na Macho

Dada mpenzi,

Hujambo wewe na wanao? Mwambie yule wa mwisho asililie jino lililomtoka. Mjomba wake huyu alitokwa na matatu kwa mpigo na bado ndiye mzuri kuliko wote katika ukoo. Mimi ni mzima.

Mumeo yuko pabaya. Wale utitiri anaowalea kwenye chumba cha taa, wadogo kuliko punje ya chumvi, tunaowamwaga kwenye matango wawale wadudu waharibifu, wamegoma kutaga. Wiki mbili, hata yai la kusingiziwa hakuna! Matango yanaliwa, bosi anawaka. Anasema shemeji kawatilia sumu, na leo saa sita anamfukuza. Shemeji anasugua trei tu. Baada ya miaka kumi na moja, dada!

Jana aliletwa mtaalamu, mama mmoja wa miwani mizito. Alipima joto, akakagua chakula, akasema sumu hakuna: hawa wanadhani majira ya baridi yanakuja. Nikamcheka, nikamwuliza kalenda wanaisomea wapi na hata macho hawana. Akanijibu kwamba mwili wao wenyewe huhisi mwanga na kupima urefu wa usiku. Usiku ukirefuka, majike huacha kutaga, hata chumba kiwe na joto kama jiko. Akauliza nani huzima taa kabla ya saa nne usiku, saa yake ya kuzimika. Bosi akafoka kwamba taa huzimwa na mtambo wa saa, asimtetee mhalifu.

Kicheko kikaniisha. Unajua mimi ndiye kinyozi hodari wa shamba zima. Hata kichwa cha dereva wa bosi ni kazi yangu. Soketi nzima ni moja tu, humo chumbani. Tangu mwezi jana, kila siku saa kumi na mbili jioni, shemeji akiniachia ufunguo nifagie, nilichomoa taa, nikachomeka mashine ya kunyolea ipate chaji usiku kucha, kisha nikaenda zangu. Alfajiri nikazirudisha kabla hajafika. Nilijiona mjanja, kumbe wasio na macho wananihesabia.

Shemeji anajua ufunguo wa jioni huwa kwangu. Hajanitaja.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ile nyingine iko mezani kwa bosi, na sasa hivi namsikia akivuta kiti. Wabusu watoto, mheshimu sana mumeo. Naitwa, dada, tena kwa jina langu lote.

Mdogo wako,
Kidomo